Kompyuta za mitumba zenye Windows 7: tuwafundishie vijana au tuzirudishe?

Mwalimu wa Nyalenda, Kisumu

Wakuu, kuna jambo limetugawa huku, tulijadili bila matusi. Darasa letu la vijana limepewa kompyuta za mitumba, karibu zote za Windows 7. Baadhi ya wazazi wanataka zirudishwe. Wanasema mtoto hawezi kusomea kitu kilichopitwa na wakati, na hoja yao si nyepesi: Microsoft iliacha kuitolea Windows 7 masasisho ya usalama Januari 14, 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambayo mashine za umri huu hazina.

Mimi nasema tuzipokee. Anayeanza hajui faili aliyoihifadhi imeenda wapi. Anafungua Word, anakuta ukurasa mweupe, anaandika barua yote upya akidhani ya jana imefutika. Shida ya huyo ni folda. Kunakili, kubadilisha jina la faili, kutoa flashi bila kuichomoa tu, kuchapisha: hayo ni yale yale tangu Windows 7 itoke 2009. Akiyashika, Windows 11 itamsumbua kidogo akitafuta kitufe cha Start kilichohamia katikati, basi.

Sharti langu ni moja: zisiunganishwe na intaneti.

Mwenye Saiba, Nakuru

Mwalimu, sharti lako ndilo linaloiangusha hoja yako. Kijana anakuja darasani kwa sababu ya intaneti. Anataka kuomba mkopo wa masomo wa HELB, kuchagua kozi ya chuo kwenye tovuti ya KUCCPS, kujaza ritani ya kodi ya KRA. Utamfundisha hayo ubaoni?

Na ukiunganisha, Chrome ya Windows 7 iliishia toleo la 109, mapema 2023. Tangu hapo hakuna tundu la usalama lililozibwa. Wateja wangu wanaandika nywila za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye mashine zangu. Zikivuja, atakayeulizwa ni mimi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo. Mmesahau WannaCry ya Mei 2017, ile programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai pesa? Kiraka cha kuizuia kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo huo, na mashine nyingi zilizonaswa zilikuwa za Windows 7 ambazo hakuna aliyejishughulisha kuzisasisha. Wakati huo bado ilikuwa inahudumiwa, sembuse sasa.

Fundi, Kakamega

Mnabishania umri wa mashine, na ugonjwa uko kwingine. Mteja akiniletea kompyuta, iwe ya 7 au ya 10, mara nyingi nakuta masasisho yamezimwa. Ama mwenyewe aliogopa bando kuisha, ama Windows yenyewe ni ya wizi. Fundi aliyeiweka anajua sasisho fulani litaigundua, skrini igeuke nyeusi na maandishi yatokee kwenye kona ya chini kwamba nakala si halali. Kwa hiyo anazima yote, anachukua hela yake, anakuachia msala. Tuanze kusemana ukweli sisi mafundi.

La bando lina dawa. Kwenye Windows 10 na 11, ingia mipangilio ya Wi-Fi, bofya jina la mtandao, uiambie kompyuta kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Itaacha kupakua mafurushi makubwa kimyakimya kupitia hotspoti ya simu yako.

Mwalimu, nawe ukiweka Windows 7 upya kutoka kwenye CD, itatafuta masasisho mpaka uchoke na haitapata kitu. Tangu 2019 Microsoft inayatia saini ya SHA-2, alama ya kuthibitisha kwamba yametoka kwake kweli (si ile SHA ya hospitali, tulieni), na Windows 7 ya CD haiitambui. Hakikisha kwanza ina Service Pack 1, lile furushi kubwa la masasisho ya Windows 7. Kisha tumia mashine nyingine kupakua masasisho mawili, KB4490628 na KB4474419, kutoka katalogi ya Microsoft, uzibebe kwa flashi, uziweke kwa mfuatano huo. Hapo utapata yote yaliyotolewa hadi Januari 2020. Vijana wafanye wenyewe, watajifunza zaidi ya mwezi mzima wa kuchapa barua.

Za intaneti ziwekeeni Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows. Haina malipo, na toleo la 22 litasasishwa hadi 2029.

Mzazi, Bungoma

Linux! Ofisi gani huku kwetu inaitumia? Binti yangu akiambiwa kwenye usaili afungue Excel, ajibu alisomea kitu kingine? Tunalipa karo, jameni.

Mwalimu wa Nyalenda, Kisumu

Mzazi, Excel atasomea kwenye Windows 7, bila mtandao. Kivinjari hakimwulizi mtu kama yuko Linux au Windows. Fomu ya KUCCPS ni ile ile. Dada wa Nakuru, kuhusu nywila nakuunga mkono kabisa: hakuna mwanafunzi atakayefungua eCitizen yake kwenye Windows 7. Tutatenga mashine chache zenye nguvu kidogo, ziwe za Mint, za mtandao tu. Zilizobaki zitolewe kebo za mtandao.

Fundi, nyingi zina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya 2GB. Mint itakubali?

Fundi, Kakamega

Itawaka, lakini itakokota miguu ukifungua kurasa tatu. Pandisha iwe 4GB. Usinunue kwa kukisia: fungua ubavu wa mashine, chomoa RAM, soma kibandiko. Ikiandikwa PC2 ni RAM ya aina ya DDR2, PC3 ni DDR3. Haziingiliani, pengo la chini liko mahali tofauti, na ukilazimisha utavunja ubao.