Late Night with the Devil: minyoo tuliiona kwa jicho la nani, ikiwa mkanda haukuinasa?

Binti Kisauni aliuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa filamu za kutisha, hamjambo. Naanza kwa tahadhari: ambaye bado hajaitazama filamu hii ya ndugu wawili wa Australia, Colin na Cameron Cairnes, aishie hapa, kwa sababu swali langu haliulizwi bila kufichua yaliyomo.

Kwa watakaoendelea, nikumbushe tu kwamba filamu inajifanya kuwa mkanda halisi wa kipindi cha usiku cha televisheni ya Marekani, kilichorushwa moja kwa moja usiku wa Halloween mwaka 1977, na ndani yake zimechanganywa picha nyeusi na nyeupe zilizochukuliwa nyuma ya pazia wakati wa matangazo ya biashara. Jack Delroy, anayeigizwa na David Dastmalchian, ni mwendesha kipindi ambaye miaka yote ameshindwa kumpiku Johnny Carson, mwendesha kipindi maarufu wa zama hizo, kwa idadi ya watazamaji. Usiku huo anamleta studio msichana Lilly, anayesemekana kuwa na pepo, pamoja na Carmichael Haig, mtu wa mazingaombwe wa zamani ambaye sasa kazi yake ni kuwaumbua wanaodai kuwa na uwezo wa kiroho.

Haig anamzuga Gus, msaidizi wa Jack, mpaka tunaona kwa macho yetu wenyewe mwili wake unapasuka na minyoo inamwagika. Ukumbi mzima unapiga mayowe. Kisha mkanda unarudishwa nyuma, unaonyeshwa tena, na hakuna mnyoo hata mmoja: Gus yuko mzima, anahangaika peke yake tu. Nimeirudia sehemu hiyo mara tatu. Ikiwa tangu mwanzo tunachokitazama ndicho huo mkanda, mara ya kwanza minyoo tuliiona kwa jicho la nani? Kaka yangu anasema hilo ni kosa la uandishi na hakuna haja ya kulipamba. Mimi sijaridhika, lakini pia sina la kumjibu.

Fundi Deki alijibu:

Dada, kaka yako asiharakishe. Nilikodisha kanda za VHS mjini Tanga kwa miaka tisa, na jambo moja ambalo kazi ile ilinifanya niamini ni kwamba mkanda hauna rafiki. Mteja alikuwa akirudisha kanda na kuapa kwamba kuna mahali picha imekatwa. Ukiiweka kwenye deki ukaitazama naye, anakuta kila kitu kipo, ni yeye aliyesinzia. Chembe za sumaku juu ya utepe hazizugwi na mtu yeyote.

Hapo ndipo ujanja wa sehemu ile ulipo. Haig anajigamba kwamba hakumzuga Gus peke yake bali wote waliokuwa wakitazama, na watengenezaji wa filamu wamekuhesabu wewe na mimi miongoni mwa hao wote. Wangeweza kutuonyesha Gus akijikunakuna huku watu wakipiga kelele, tukabaki tunashangaa hao wanaona nini, na kanuni ya mkanda ingesalimika. Wakachagua kutuzuga sisi, halafu wakatuumbua mbele ya ushahidi. Nilipoona marudio yale nilijisikia kama mtu aliyeshikwa akidanganya mahakamani, nami sikuwa nimesema neno.

Tena, bila minyoo ile marudio ya pili yasingekuwa na nguvu. Haig anataka mkanda wa sehemu ya Lilly, pale pepo wake alipojitokeza, nao urudiwe, akiwa na hakika kwamba utaonyesha msichana ameketi kitini na hakuna zaidi. Unarudiwa, na yote yapo kama tulivyoyaona. Kisha picha inasimamishwa, na nyuma ya Jack amesimama Madeleine, mkewe aliyekwisha kufa. Kwa hiyo mara ya kwanza macho yalidanganya na mkanda ukasema kweli, na mara ya pili mkanda unajua zaidi ya macho. Mimi nilizima taa ya sebuleni mwanzoni mwa filamu ili nipate raha ya kutisha. Baada ya picha ile kusimama niliinuka nikaiwasha.

Msomaji wa Picha alijibu:

Namheshimu sana ndugu Fundi Deki, ila naona anailipia filamu deni ambalo yenyewe haikuomba kulipiwa. Tuseme minyoo ni kiinimacho na sote tulizugwa. Je, zile picha nyeusi na nyeupe za nyuma ya pazia? Jack ananong'ona na mtayarishaji wake mambo ambayo hakuna mtu mwenye akili angeyasema mbele ya kamera, na hakuna anayemgeukia mpiga picha kumwambia atoke. Uso wa mmoja unaonyeshwa, kisha wa mwingine anapojibu, kwa mpangilio nadhifu wa filamu ya kawaida. Huyo mpiga picha ni nani, na kwa nini ni mzimu kuliko mizimu yenyewe?

Linganisheni na The Blair Witch Project ya mwaka 1999, filamu nyingine inayojifanya kuwa mkanda halisi. Hiyo nayo ina picha za rangi na picha nyeusi na nyeupe, lakini kila moja ina mwenyewe: za rangi ni za kamera ya video anayoibeba mhusika Heather, na nyeusi na nyeupe ni za kamera ya filamu ya milimita 16. Waigizaji ndio waliozishika kamera hizo. Mtu anapokimbia, picha inakimbia, na anapoanguka, tunaona majani. Hofu yake yote inatokana na kujua kwamba anayekuonyesha yuko hatarini. Katika filamu ya Cairnes anayetuonyesha hayuko popote.

Na mwisho wake ndio umenivunja moyo zaidi. Dakika za mwisho tunaingia ndani ya kichwa cha Jack, tunapita katika kumbukumbu zake na vipindi vyake vya zamani, mambo ambayo hakuna kamera ya studio ingeweza kuyanasa. Nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba nimeketi mbele ya televisheni ya mwaka 1977. Ghafla nikakumbushwa kwamba natazama filamu tu, nzuri, iliyoigizwa vizuri, na Dastmalchian anastahili sifa zote anazopewa, lakini filamu.

Mchora Mabango alijibu:

Naona mmejadili minyoo na mizimu, na hakuna aliyegusa jambo lililowafanya watazamaji wengi wagombane ilipotoka Machi 2024. Zile kadi zinazojaza skrini kipindi kinapokwenda kwenye matangazo ya biashara, watu walizitambua kuwa zimetengenezwa kwa akili mnemba. Waongozaji walikiri kwamba waliijaribu kwa picha tatu tuli, ambazo baadaye walizihariri wenyewe. Wako walioapa kutoitazama, na wako waliosema picha tatu zinazopita kwa sekunde chache si kitu.

Kwa haki, filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Machi 2023 katika tamasha la SXSW huko Austin, kabla ya mgomo wa waandishi wa Hollywood kuanza Mei mwaka huohuo, na wa waigizaji uliofuata Julai, ambapo akili mnemba ilikuwa miongoni mwa mambo makubwa ya ugomvi. Ilipofika kwa umma, hasira ilikuwa imekwisha kupanda.

Mimi nachora mabango kwa mkono, kwa hiyo sijifanyi mwamuzi asiye na upande. Linaloniuma ni kwamba wamehangaikia kola za mashati, mazulia, rangi ile ya chungwa na kahawia ya studio, hata mwanga unaoacha mkia kamera inapogeuka, halafu kitu pekee ambacho mwaka 1977 kingetoka mkononi mwa mchoraji wa kituo ndicho walichokiachia mashine. Kadi ile ikitokea, kwangu mwaka 1977 unakatika pale pale, mapema kabisa kuliko huo mwisho anaoulalamikia Msomaji wa Picha.

Mpwani wa Leicester alijibu:

Dada Binti Kisauni, swali lako lina babu yake hapa Uingereza. Tarehe 31 Oktoba 1992 BBC ilirusha Ghostwatch, mchezo uliorekodiwa kabla lakini ukatengenezwa kama matangazo ya moja kwa moja kutoka nyumba yenye mzimu, ukiongozwa na Michael Parkinson, mtangazaji halisi aliyeaminiwa na kila nyumba. Watu wengi walidhani ni kweli, malalamiko yakamiminika, na BBC haikuurudia tena hewani. Ndani yake wapigaji simu wanasema wameona mtu karibu na pazia la chumbani. Picha inarudiwa, na tunachokiona katika marudio si kilekile kila mara. Watazamaji waligombana wao kwa wao sebuleni, huyu akisema nimemwona, yule akisema hukumwona.

Huyo Haig naye hakuzuka tu. Hao ndugu wawili wa Cairnes wamesema walivutiwa na The Don Lane Show, kipindi cha televisheni ya Australia walichokijua tangu utotoni. Mwaka 1980 James Randi, mtu wa mazingaombwe aliyekuwa akiwaumbua wadanganyifu, alimshambulia humo mwanamke aliyedai kuzungumza na wafu, na Don Lane akakasirika, akavisukuma chini vitu vilivyokuwa mezani, akaondoka mbele ya kamera. Kwa hiyo, ingawa hadithi imewekwa Marekani na picha zilipigwa Melbourne, kumbukumbu iliyo ndani yake ni ya Australia. Labda ndiyo maana studio yao inanukia sigara na vumbi la kweli, wakati filamu nyingi za kuigiza zamani huishia kwenye mistari ya kanda mbovu iliyobandikwa juu ya picha safi.

Kuhusu ugomvi wenu, mimi niko katikati kwa njia isiyo ya heshima: nyuma ya pazia nakubaliana na Msomaji wa Picha, kwenye minyoo nipo na Fundi Deki.

Binti Kisauni alirudi:

Ahsanteni nyote. Nimemsomea kaka yangu majibu haya. Hoja ya kamera ya nyuma ya pazia ameipokea kwa furaha isiyo na kiasi, lakini aliposikia habari ya marudio mawili alinyamaza, kisha akauliza jambo ambalo sasa linaninyima usingizi mimi: ikiwa mkanda unasema kweli, basi Madeleine alikuwa amesimama nyuma ya Jack tangu Lilly alipoketi kitini, sisi tukitazama, kabla mtu yeyote hajaagiza urudishwe nyuma. Usiku huu tunaipitia sehemu hiyo ya kwanza polepole, picha kwa picha. Kaka ndiye ameshika rimoti, nami nimekubaliwa kuacha taa ya jikoni ikiwaka.