Ung'avu wa RU Lupi unabadilika: ni vumbi la hewa yetu au ni nyota yenyewe?

Swali, kutoka Lubumbashi

Ndugu wapendwa, tangu kiangazi kianze nimekuwa nikiitazama RU Lupi, nyota changa iliyo umbali wa takriban miaka 500 ya nuru, kwa darubini yenye kioo cha milimita 150. Kila usiku nailinganisha na nyota mbili jirani zisizobadilika. Juzi ililingana na ile hafifu, jana ikaipita waziwazi, na leo imefifia tena. Msimu huu vumbi la barabara ni jingi mno hapa kwetu, nami sitaki kuandika daftarini kosa la hewa nikaliita tabia ya nyota. Nifanyeje?

Jibu, kutoka Bukavu

Ndugu, daftari lako liko salama. Vumbi la hewa lingezififisha nyota zote tatu kwa pamoja, maana umezitazama katika uwanja mmoja wa darubini. Iliyobadilika peke yake ndiyo yenye habari.

RU Lupi ni ya jamii iliyopewa jina la T Tauri, nyota ambayo John Russell Hind aliigundua mwaka 1852 pamoja na wingu linalong'aa kando yake. Nyota hizi bado zimezungukwa na sahani ya gesi na vumbi, lakini gesi haiteremki moja kwa moja hadi kwenye uso wa nyota. Nguvu ya sumaku ya nyota huikata sahani kabla haijafika, kisha gesi hufuata mistari ya sumaku na kuanguka karibu na ncha za sumaku za nyota kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Pale inapogonga hutokea madoa ya moto mkali, na kwa kuwa gesi haiji kwa kipimo kimoja, mwanga hupanda na kushuka ndani ya saa au siku chache.

Jibu, kutoka Goma

Nakubaliana na mwalimu wa Bukavu, ila naomba tusizipe nyota zote sababu moja. AA Tauri, ambayo tunaiona karibu kwa ubavu, kwa miaka mingi ilififia kila baada ya siku 8 hivi, kwa sababu ukingo uliopinda wa sahani yake ulikuwa ukipita mbele yake. Mwaka 2011 ikafifia zaidi, isirudi hali yake ya zamani kwa miaka. RU Lupi, kinyume chake, tunaitazama karibu kutoka juu ya ncha, kwa hiyo mlo wake, yaani gesi inayoiangukia, ndio ninaoushuku kwanza kuliko pazia la vumbi.

Upo pia mlipuko wa aina nyingine kabisa. Nyota changa FU Orionis iling'aa zaidi ya mara 100 katika miaka ya 1936 na 1937, na hadi leo haijarudi ilikokuwa. Mwaka 2004 Jay McNeil, mtazamaji asiye wa kulipwa, alinasa kwa darubini ndogo wingu jipya katika kundinyota la Orion, lililomulikwa na nyota changa iliyokuwa imelipuka. Sisi wa Goma tumeona mara nyingi wingu likiwa jekundu juu ya Nyiragongo huku moto wenyewe umefichwa na kingo za mlima, kwa hiyo picha ile niliielewa mara moja.

Muulizaji

Asanteni sana. Nimewasha mbabula, jiko letu la makaa, jioni hii nikiyafikiria maneno yenu: ukipuliza makaa, rangi hubadilika pamoja na mwanga, lakini mtu akipita mbele yake mwanga hukatika tu.

Jibu, kutoka Bukavu

Mfano huo unafaa, ila urekebishe sehemu moja: vumbi laini huzuia buluu kuliko nyekundu, hivyo nyota iliyofunikwa kwa kawaida huelekea wekundu. Gesi inapoanguka kwa wingi, nayo huongeza zaidi mwanga wa buluu na wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho. Hivyo rangi peke yake haitoshi kuamua. Andika na saa kamili. Ukiweza, pima kwa vichujio viwili, cha buluu na cha nyekundu, usiku uleule, na uendelee hadi mawingu ya mvua yatakapofunga anga.