Wauza taa za akwariamu Kariakoo, hizi "wati 60" mnazipimia wapi?

Wakuu, nimevumilia wiki sita, leo acha niseme.

Nina tangi la futi tatu sebuleni, sentimita 90 kwa 45 kwa 45, maji kama lita 180. Lina mimea hai, siyo ile ya plastiki: valisneria nyuma, kriptokorini katikati, na anubiasi mbili nilizozifunga kwa uzi kwenye gogo. Miaka minne limeishi na tyubulaiti moja ya wati 30. Shida ya tyubulaiti huchoka kabla haijafa. Unaiona inawaka, kumbe mwanga umeshapungua. Na ya futi tatu kuipata ni kazi, kila duka unaoneshwa ya futi mbili au nne. Nikajichanga nihamie LED.

Duka silitaji. Jamaa akanitolea boksi zuri kweli, limeandikwa wati 60, ya mimea, haiingii maji, inafaa tangi la sentimita 75 hadi 90. Laki moja na themanini na tano elfu. Nikaomba risiti, akacheka: "Kaka, sisi tupo hapahapa kila siku."

Nafika nyumbani, kumbe kinachofika 90 ni miguu ya kuvuta! Taa yenyewe sentimita 68, nimeipima kwa futi kamba. Yaani kila pembe ya tangi sentimita 11 hazina taa juu yake. Valisneria za pembeni zimekonda hadi zinaonesha upande wa pili.

Jumapili akaja rafiki yangu fundi umeme na kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi. Kikasoma wati 17. Tukadhani kibovu, tukachomeka balbu ya wati 9, kikasoma 9. Tukarudisha taa: 17. Na kabla hamjaja na zile za "LED haili umeme mwingi, hiyo 60 ni ulinganisho na balbu za zamani", boksi ninalo hapa mkononi. Halijaandika ulinganisho wowote.

Rangi sasa. Nimehesabu vitaa 72, vya buluu 48. Sebule imegeuka baa, mama watoto ananiuliza bili inaletwa saa ngapi. Buluu ya namna ile huwekwa kwenye matangi ya maji chumvi yenye matumbawe, kwa sababu baharini mwanga mwekundu humezwa mapema, buluu ndiyo inazama mbali. Mimea ya maji baridi wengi wetu tunaiwekea mweupe wa mchana, Kelvini 6500. Na hilo boksi lina picha ya majani ya kijani!

Halafu ushauri. "Iwashe masaa kumi na mbili kama jua." Hapa na mimi nikubali ujinga wangu, maana tangi lisilopuliziwa gesi ya kaboni masaa sita hadi manane yanatosha, na nilikuwa nalijua hilo. Nikamsikiliza. Wiki ya tatu mwani umeota kama nywele, anubiasi zilizo juu karibu na taa zimevaa manyoya meusi. Kriptokorini nazo ziliyeyuka, lakini zile hata ukizihamisha tu zinayeyuka, hizo simbebeshi.

Nikarudi dukani na taa.

"Inawaka haiwaki?"
"Inawaka, lakini..."
"Sasa mzee, kitu kizima unakirudishaje?"

Na kwa akili zangu nikatoka pale na chupa ya dawa ya mwani ya elfu kumi na tano, aliyosema haina madhara. Sikusoma kibandiko hadi asubuhi yake nilipokuta konokono wangu wote wanane wameshuka chini, wamelegea, maji yananuka. Ina shaba. Shaba na konokono havikai maji mamoja, na muuza samaki asiyelijua hilo anauza nini? Ujumbe wangu kausoma, tiki mbili za buluu (hata huko buluu), kimya.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Mwanasheria mmoja kaniambia nipeleke malalamiko. Swali lake la kwanza: "Risiti iko wapi?"

Kwa sasa nimefunga hodha mbili kwenye mfuniko wa zamani, nikaweka balbu za kawaida za LED za wati 12, nyeupe ya mchana, tena nimezipima kwanza. Hazijazidi elfu ishirini na waya wake. Masaa saba kwa siku. Jana saa tisa alasiri valisneria zilikuwa zinatoa vipovu, kimoja kimoja, vinapanda kama soda.

Ile taa ya buluu ipo juu ya kabati. Mwenye tangi la maji chumvi aje PM, namwachia kwa elfu themanini. Risiti nitamwandikia kwa mkono, na juu yake nitaandika wati 17.