Karekoda kadogo ka mukononi kwa konseri, kanaaminika?

Kijana wa Himbi: Bandugu ba Goma, minawaza kununua Zoom H1n ya kurekodia konseri za kwaya yetu, ila minaogopa isizime katikati. Nani anaitumia?

Papa Mika: Mashine yenyewe haina shida sha, shida njo kadi ya memori na batri. Kadi zingine za ku soko ni feki, zinaandikwa GB 32 na ndani hakuna kitu, wimbo unakatika. Formatia kadi ndani ya rekoda, weka batri mbili za AAA mupya kila konseri, na bonyeza stop mbele ya kuzima.

DJ Birere: Mi naona sauti njo inaharibu bengi. Baflo za huku zinapigwa nguvu, level (kipimo cha nguvu ya sauti inaingia) ikiwa juu, sauti inapasuka na huwezi tena tengeneza, kwa hiyo sauti ya ngoma ifike -12 dB tu. Inje, upepo wa ziwa bila kasponji ku mikro utasikia vuuu mpaka mwisho. Na WAV (fichie ya sauti yenye haibanwe) ya biti 24 kwa 48 kHz inafika GB 2 kama nyuma ya masaa 2, inafungua fichie ingine yenyewe, usishtuke.

Kijana wa Himbi: Aksanti. Na vumbi ya lava?

Papa Mika: Weka rekoda mu sashe, mpaka baanze kuimba.