Mrejesho: Nimeshatoa ushahidi mahakamani, Arua, Uganda

Ndugu zangu, niliwauliza nijiandaeje kutoa ushahidi kesi ya jirani aliyevunjiwa duka, maana Kiingereza sikimudu. Asanteni sana! Nilimwambia wakili wa serikali mapema, nikapewa mkalimani. Nikaapa kwa Kurani na kueleza yote kwa Kiswahili. Kabla ya hapo nilisomewa maelezo niliyoandikisha polisi, kisha nikangoja nje, kwani shahidi hakai ndani akisikiliza wenzake.

Wakili wa utetezi ndiye aliyenibana. Taa ilikuwa wapi? Juu ya mlango wa kinyozi. Mshtakiwa alivaa viatu gani? Sikuona. Akarudia kwa ukali, nami nikamtazama hakimu nikajibu vilevile: sikuona. Naamini jibu hilo lilinisaidia kuliko yote.

Kesi imeahirishwa, bado askari mpelelezi hajatoa ushahidi wake.