Wachambuzi wa redioni, kosa mnalipima kwa kitendo au kwa jezi?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Huku Kigoma vipindi vya michezo tunavisikiliza kila siku, na kila wakitajwa matapeli wa soka jina la kwanza ni Luis Suárez, yule mshambuliaji wa Uruguay.

Tarehe 2 Julai 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, alizuia kwa mikono mpira wa Ghana uliokuwa unaingia wavuni, dakika za mwisho kabisa za nyongeza. Iliniuma, na hadi leo inaniuma. Lakini refa alimwona, akala nyekundu, Asamoah Gyan akapewa penalti akagonga mwamba. Nusu fainali Suárez akaikosa. Sheria imwadhibu mara ngapi? (Msiniletee habari za kung'ata watu, hiyo ni kesi nyingine.)

Siku 5 kabla, Afrika Kusini hiyohiyo, England wakicheza na Ujerumani, shuti la Frank Lampard wa England liligonga mwamba likadunda ndani kabisa ya mstari. Kipa wa Ujerumani, Manuel Neuer, akaudaka mpira, akaanzisha haraka, goli halikuhesabiwa. Baadaye alisema mwenyewe kwamba alijua mpira umevuka, na anadhani ile haraka yake ndiyo iliyomdanganya refa. Amekiri kwa kinywa chake! Mchambuzi gani amewahi kumwita tapeli? Lawama zote zilimwangukia refa na msaidizi wake.

Thierry Henry je? Novemba 2009, Ufaransa yake ikicheza na Ireland mechi ya mchujo, aliucheza mpira kwa mkono, akampa William Gallas, akafunga, Ireland wakakosa Kombe la Dunia. Hata njano hakupewa. FIFA ikaona haina kifungu cha kumwadhibu, halafu ikawapa Ireland euro milioni 5 wasiende mahakamani. Leo tunasimuliwa ugwiji wake tu.

Mnasoma magazeti ya Uingereza asubuhi, mnatutafsiria hasira zao zikiwa nzimanzima.

Na upimaji huohuo mmeuleta Ligi Kuu yetu. Kipa wa Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, akilala chini dakika ya 80 hapa uwanja wa Lake Tanganyika, mnasema anajiangusha, soka la mikoani, timu ndogo zinaua mchezo. Kipa wa timu kubwa ya Kariakoo akilala dakika ileile, eti "anautuliza mchezo", uzoefu huo! Vijana wetu wanasikia. Wazazi wao wanasikia. Inakera sana.

Mchambuzi yeyote aliyemo humu ajitokeze anijibu hili tu: aliyepewa nyekundu na aliyeondoka na tiketi ya Kombe la Dunia bila hata kadi, kwa nini tapeli ni yule wa kwanza?