Naomba ushauri: diski ya inchi 9 kwenye grenda ndogo

Wakuu, mafundi wa mageti wanafungua kava la grenda ya inchi 4½ ili wafunge diski ya inchi 9, wakate bomba nene kwa mkupuo mmoja. Hii ni hatari kubwa! Grenda hiyo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, wakati diski ya inchi 9 kikomo chake ni kama 6,600. Hupasuka, na bila kava vipande humrukia fundi usoni. Miwani pekee haitoshi.

Kwa bomba la mraba la inchi 2, mnashauri tuligeuze upande kwa upande na diski ndogo, au tununue mashine ya kukatia ya inchi 14? Jenereta ya kilowati 2 itaiwasha kweli?